Kutafuta Wadhamini wa Safari Yetu ya Baiskeli

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha sikia, nadhani, kwamba sisi wanafunzi saba wa Kidato cha Tatu pamoja na mwalimu wetu wa michezo tunakusudia kwenda kwa baiskeli kutoka Mlingotini mpaka Morogoro katika likizo ya mwezi wa Juni. Kusudi letu ni kuchanga fedha kwa ajili ya makao ya watoto yatima yaliyoko hapa Bagamoyo. Habari ya safari yenyewe itaandikwa muhula ujao, tukijaliwa, na pengine na mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Mimi nimeombwa nieleze kazi iliyoitangulia, yaani kutafuta wadhamini. Kazi hiyo haina kilima wala mchanga, lakini imenichosha miguu kupita baiskeli.

Kwanza nieleze hesabu, maana ndiyo iliyoulizwa na kila mtu. Kutoka Mlingotini mpaka Bagamoyo mjini ni kilometa 10 hivi. Kutoka Bagamoyo mpaka Msata ni 64, na kutoka Msata mpaka Chalinze zapata 40. Chalinze mpaka Morogoro ni kama 85. Ukizijumlisha zote wapata karibu kilometa 200, nasi tumezihesabu kuwa 200 kamili ili daftari lisitusumbue. Kila kilometa tumeipa bei ya shilingi 5,000. Mtu anunua kilometa moja au zaidi, na jina lake laandikwa katika mstari wa kilometa hiyo. Kwa hiyo daftari lina mistari 200. Mstari wa kwanza ni mwembe ulio karibu na mnada wa samaki kijijini kwetu, na wa mwisho ni stendi ya Msamvu, Morogoro. Daftari likijaa tutakuwa na shilingi 1,000,000, na makao yatanunua viatu, sare na madaftari ya watoto 34. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 hatulipi ada katika shule za serikali mpaka Kidato cha Nne, lakini ada haivaliwi miguuni.

Mtu wa kwanza niliyemwendea ni babu mmoja ambaye kila mtu wa Mlingotini anamjua, ingawa jina lake sitalitaja. Yeye huchukua samaki kwa baiskeli kutoka pwani yetu na kuwauza Bagamoyo, na amefanya hivyo tangu kabla baba yangu hajaoa. Siku hizi wengi wa biashara yake wamenunua pikipiki, lakini yeye amebaki na Phoenix yake yenye keria pana na tenga limefungwa kwa mipira.

Nilimwamkia, akaniitikia, nikamwambia, "Babu, natafuta mdhamini."

Alisimamisha baiskeli yake palepale. "Umefanya nini, mjukuu wangu? Uko polisi au umekwisha fika mahakamani?"

Nililazimika kueleza kwamba mdhamini wa safari si yule wa kumtoa mtu rumande. Nikamweleza kilometa, bei na daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali ambalo tangu siku ile nimelikuta kila mahali: "Mimi nakwenda Bagamoyo na kurudi kila siku, na mzigo juu. Mbona hakuna anayenilipa shilingi elfu tano kwa kilometa?"

Swali hili si la mzaha, na wenzangu wengine walipoulizwa walicheka tu. Huku kwetu baiskeli ni punda. Hubeba samaki, madafu, mkaa, maji, na mgonjwa pia. Mtu akiona vijana saba wanapanda baiskeli bila mzigo wowote kwenda Morogoro, ambako basi linakwenda, na kisha wanaomba fedha, ana haki ya kuuliza anachonunua ni kitu gani. Nilimjibu babu kwamba hatununui wala hatuuzi mwendo. Sisi twatoa jasho letu kwa kuwa hatuna fedha, na mwenye fedha atoe fedha kwa kuwa hana nafasi ya kutoa jasho, na vyote viwili viende kwa watoto. Akasema, "Maneno mazuri. Nisomee walioandika."

Daftari lilikuwa tupu. Akanirudishia. "Daftari tupu halichangiwi. Nenda kwa bibi yako kwanza."

Kwa wasomaji wasio wa pwani yafaa nieleze. Michango si jambo geni kwetu. Arusi huchangiwa, msiba huchangiwa, na mtu akiunguliwa na nyumba huchangiwa. Lakini mchango una adabu zake, na ya kwanza ni kwamba anayeombwa hutazama nani ametangulia, na ametoa nini. Hatazami kwa uchoyo. Anataka kujua kama watu wa karibu na mwombaji wanamwamini.

Bibi yangu analima mwani. Wanawake wengi wa Mlingotini hulima mwani, kwa sababu bahari yetu ni tulivu nyuma ya mikoko, na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa kupigilia vigingi na kufunga kamba. Kazi yao hufuata bamvua, kwani ndipo maji yanapokupwa sana wakaweza kufika mashambani. Nilipomwendea Bibi na wenzake walikuwa wakianika mwani, na wote wakanipa jibu moja: "Ngoja bamvua ipite, tuuze." Nikangoja siku kumi na nne. Bamvua ikapita, mwani ukauzwa, na Bibi akanunua mstari wa kwanza. Wenzake kumi na mmoja walijikusanya wakanunua mistari sita, kila watu wawili au chini ya hapo mstari mmoja. Mmoja wao hakuutaka mstari wowote ila ule wa 74, maana ndipo Msata, na yeye alizaliwa huko na hajarudi tangu alipoolewa. Aliniagiza nitazame kama kisima cha nyumbani kwao kingaliko.

Tangu hapo nilijifunza kuuza mahali badala ya kuuza kilometa. Fundi baiskeli wetu alichukua kilometa ya 50 kwa kuwa, kwa maoni yake, hapo ndipo mnyororo wa baiskeli yangu utakapokatika. Pamoja na fedha yake ametupa viraka, solusheni na pampu ya kuazima. Mwalimu wa Historia alitaka ya 200, akitukumbusha kwamba Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na kupita Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, na kwamba waliochukua mizigo yake majina yao hayajulikani na watu wengi. Mwenye duka mmoja, Mnyamwezi, alisema babu zake walikuja mpaka Bagamoyo kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, na kwamba watani zake Wazaramo hawawezi kwenda hata Msata bila kukaa chini kunywa madafu. Alipomaliza kututukana alinunua kilometa tano.

Babu wa samaki nilimrudia daftari likiwa na majina thelathini. Aliyasikiliza yote, taratibu, akiuliza huyu ni wa nani na yule anakaa wapi. Kisha akasema yeye hana fedha taslimu, nimfuate mnadani. Asubuhi iliyofuata alinunua kolekole mmoja, akamrudisha kwa dalali na kumwambia amnadi tena kwa ajili ya watoto. Dalali akapaza sauti, mnunuzi akapatikana, naye akamrudisha samaki. Kolekole yule alinadiwa mara nne. Zilipatikana shilingi 45,000, yaani kilometa tisa, na samaki mwenyewe akapelekwa makao akapikwa.

Si wote waliokubali upesi. Mwenyekiti wa kitongoji alitaka kujua desturi hii imetoka wapi. Nilimwambia kwamba katika nchi kama Uingereza mtu huweza kukimbia au kuogelea, na jirani zake wakalipa kwa kila maili. Lakini nchini kwetu pia haikuanza leo. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umeandaa safari za kupanda Mlima Kilimanjaro, na wengine huuzunguka kwa baiskeli, na fedha za wadhamini huenda katika vita dhidi ya UKIMWI. Makao ya watoto ya Moyo wa Huruma, huko Geita, yamepata fungu katika fedha hizo. Uko pia msafara wa baiskeli uitwao Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam kwa kumkumbuka Mwalimu Nyerere na kutoa madawati njiani. Na Mwalimu mwenyewe, mwezi wa Oktoba mwaka 1967, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwa siku nane.

Mwenyekiti, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto mdogo, alisema, "Lakini Mwalimu hakuuza maili zake." Kisha akaacha kucheka. Alinikumbusha habari ya kijana Seti Benjamin, aliyefariki njiani mwaka huo huo wa 1967 akitembea kuunga mkono Azimio la Arusha. "Barabara haijui kwamba unafanya jambo jema," akaniambia. Hakununua kilometa siku ile. Alimwita mwalimu wetu na kumwuliza maswali kwa muda wa saa nzima, na kwa sababu ya maswali yake sasa gari dogo litatufuata nyuma, tutaondoka alfajiri, tutapumzika jua likiwa kali, na tutalala Msata na Chalinze katika madarasa ya shule. Kila mzazi ametia sahihi. Mwenyekiti aliponunua alinunua mbili.

Pingamizi nililoliona zito zaidi lilitoka barazani, baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja alisema, "Huku kwetu yatima hana makao. Yatima ana mjomba, ana shangazi, ana bibi. Ninyi mnawajengea watu njia ya kuwatupa watoto wao." Wengine walitikisa vichwa kukubali. Mimi naamini mzee yule alisema kweli, ingawa si kweli yote. Hapa Mlingotini twaweza kuhesabu nyumba nyingi zenye mtoto aliyefiwa, na humwoni kwa kumtazama tu, kwa kuwa anakula sinia moja na wengine. Lakini wako watoto ambao jamaa zao hawajulikani waliko. Bagamoyo imewajua watoto wa namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapa, na miongoni mwa watu wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa, ambao kwao kulikuwa mbali hata wasijue njia.

Nilipeleka maneno ya mzee kwa mama mlezi wa makao. Hakukasirika hata kidogo. Alisema baadhi ya watoto wake wana bibi au shangazi aliye hai, na angependa waende kwao kila likizo, lakini nauli hana. Nikarudi barazani na jibu hilo. Yule mzee alinunua kilometa mbili kwa sharti moja, kwamba sehemu ya fedha iwe nauli ya kuwapeleka watoto kwa jamaa zao. Mama mlezi amekubali, na sasa katika ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya viatu na sare, imeandikwa nauli. Mzee mwingine, karani mstaafu, alitaka kujua kama makao yana leseni, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaitaka. Tulikwenda na mwalimu, tukaiona leseni imetundikwa ukutani, na karani akaandikisha jina lake kwa mwandiko wake mwenyewe, ambao ni mzuri kuliko wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawanya.

Mwezi wa Machi tuliandika barua kwa ofisi moja kubwa ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja. Walitujibu upesi na kwa heshima. Walikuwa tayari kununua kilometa 80 kwa mara moja, yaani shilingi 400,000. Tulifurahi mno. Niliandika jina la ofisi ile kwa kalamu ya risasi kuanzia mstari wa 75 mpaka wa 154. Masharti yalifuata wiki moja baadaye. Tuvae fulana zenye jina lao, jambo lisilo na ubaya. Pia, kabla ya safari, watoto wa makao wapigwe picha bila viatu, na baada ya safari wapigwe tena wakiwa wameshika viatu vipya, na nyuso zao zionekane vizuri.

Katika sisi saba yumo mmoja aliyelelewa katika makao hayo tangu akiwa na miaka minne. Ameniruhusu niandike aliyoyasema, ila jina lake lisiwepo. Alikaa kimya mpaka barua ilipokwisha somwa. Kisha akasema, "Mimi nilipigwa picha hiyo nikiwa na miaka tisa. Viatu vilikwisha mwaka uleule. Picha ingaliko. Mwaka jana mtu alinionyesha katika simu yake, akaniuliza, huyu si wewe?"

Hatukukubaliana. Msichana mmoja kati yetu, ambaye kwa hesabu anatushinda wote, alisema kilometa 80 ni viatu vya watoto 13, na kwamba tukikataa, hao 13 ndio watakaotembea pekupeku kwa ajili ya heshima tuliyoichagua sisi tulio na viatu. Alisema aulizwe mtoto asiye navyo. Mwingine akamjibu kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kujua picha itafika wapi. Tulimwuliza mama mlezi. Alisema amekubali picha nyingi za namna hiyo katika maisha yake, kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha, na hatatulaumu kwa lolote tutakaloamua. Jibu lake halikutusaidia, lakini nilimheshimu zaidi kwa kulitoa.

Mwisho tulipiga kura. Watano walikataa picha, wawili walizikubali. Mimi nilikuwa katika wale watano, na ningepiga vivyo hivyo leo, ingawa hoja ya yule msichana sijaisikia ikijibiwa sawasawa na mtu yeyote, hata mimi. Tuliiandikia ofisi kwamba fulana tutazivaa kwa furaha, na kwamba badala ya picha tutawapelekea nakala ya daftari lote pamoja na risiti za dukani, kila kiatu na bei yake. Walijibu kwa mistari miwili kwamba wanatutakia safari njema.

Nilichukua raba nikafuta mistari 80. Nilifanya hivyo nyumbani usiku, na Bibi aliniuliza mbona nafuta kwa muda mrefu hivyo.

Yule msichana aliyeshindwa kwa kura hakununa. Siku ya pili aliliomba daftari, akasema kwa kuwa tumeamua, basi viatu 13 vitafutwe. Amezunguka Zinga na Kerege kila Jumamosi tangu siku ile, na katika mistari iliyofutwa yeye peke yake amejaza 26. Sisi sita kwa pamoja tumejaza 17. Mwenzetu wa makao amenunua mmoja katika hiyo, kwa fedha aliyoipata kwa kubeba mwani wakati wa bamvua, na ameandika jina lake kamili.

Mpaka leo ninapoandika haya tumepata shilingi 815,000. Fedha zawekwa na mwalimu wa michezo, na daftari laweza kutazamwa ofisini kwake siku yoyote ya shule, kabla ya saa kumi. Wazazi walio mbali wanaweza kumtuma mtoto wao, naye ataandika jina mbele ya mwalimu.

Mistari iliyo wazi ni 37, kuanzia wa 118 mpaka wa 154. Nawaeleza mapema kwamba si mahali pa kupendeza. Ni kipande cha barabara kuu baada ya kupita Chalinze, chenye malori yaendayo Zambia na Kongo mchana na usiku, wala sina habari ya mwembe, kisima au babu wa mtu yeyote huko. Lakini tutapita hapo siku ya tatu, asubuhi, kabla jua halijapanda, na bei ni ileile.